Siku Nane za Kukagua Viwanja, kutoka Wembley hadi München

Siku ya kwanza, Jumatano: Wembley

Tulishuka katika kituo cha Wembley Park saa tatu asubuhi, mimi nikiwa na mabegi mawili na kaka yangu akiwa na utepe wake wa kupimia uliofungwa kwenye mkono wa kiti cha magurudumu. Kaka alikuwa winga wa kushoto kabla ya ajali iliyomvunja uti wa mgongo, na tangu hapo ameingia uwanjani mara moja tu, katika uwanja ambao sitautaja, ambako alipangiwa nafasi kwenye usawa wa nyasi nyuma ya mabango ya matangazo. Watu waliokuwa mbele yake walisimama mapema katika kipindi cha kwanza na hawakuketi tena. Aliusikia mchezo wote bila kuuona. Aliniambia siku ile kwamba hatarudi kwenye jukwaa lolote mpaka aoneshwe uwanja uliojengwa na watu waliomfikiria, na safari hii ndiyo jibu langu kwake, miaka sita baadaye.

Kituo hicho kina lifti zinazomtoa abiria kwenye treni hadi nje, kisha njia ya Olympic Way inanyooka moja kwa moja mpaka kwenye sanamu ya Bobby Moore, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya Uingereza, na juu yake ule upinde mweupe unaoonekana kutoka sehemu nyingi za London. Kimo chake ni mita 133 na kutoka mguu mmoja hadi mwingine ni mita 315. Wageni wengi huupiga picha wakidhani ni pambo, ilhali kazi yake ni kubeba paa lote la kaskazini na sehemu kubwa ya paa la kusini, na kwa sababu hiyo hakuna nguzo inayosimama kati ya mtazamaji na mpira. Yeyote aliyewahi kuketi nyuma ya nguzo kwa dakika 90, akibahatisha ni nani aliyepiga krosi, ataelewa kwa nini nimelitaja jambo hili kabla ya mengine.

Uwanja wa sasa ulifunguliwa mwaka 2007 na una viti 90,000. Mwongozaji wa ziara alitupitisha kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, chumba cha mikutano na waandishi wa habari, na njia ya wachezaji. Washindi hupanda ngazi 107 kwenda kupokea kombe. Sisi tulifika huko juu kwa lifti. Hata hivyo, nakiri kwamba mimi nilikuwa na hamu zaidi ya kuona vyoo. Wembley ulipofunguliwa ulikuwa na vyoo 2,618, idadi iliyotajwa kuwa kubwa kuliko ya jengo lingine lolote la aina yake duniani. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama pale pale: uwanja ukijaa, kila choo kina watu 34. Mapumziko ni dakika 15, na iwapo nusu tu ya watazamaji watainuka kwa wakati mmoja, choo kimoja kitapaswa kuhudumia watu 17, yaani chini ya dakika moja kwa kila mtu. Ikiwa uwanja unaoongoza kwa idadi ya vyoo unabanwa namna hiyo na saa ya refa, basi hali ya viwanja vya zamani haihitaji kusimuliwa, hasa upande wa wanawake, kwa kuwa vingi vilijengwa kana kwamba mwanamke hatafika kamwe.

Kabla ya kutoka, Kaka aliniomba nikasimame mstari wa mbele yake, nikiwa nimeinua mikono juu kama shabiki aliyeona goli, huku yeye akiangalia nyasi kutoka kwenye nafasi ya viti vya magurudumu. Tulilifanya jaribio hilo katika kila uwanja wa safari hii. Hakuniambia alichoona, aliandika tu kwenye daftari lake.

Jambo moja zaidi kuhusu Wembley, nalo linahusu milango. Tarehe 11 Mei 1985 jukwaa la mbao liliungua mjini Bradford wakati mechi ikiendelea, wakafa watu 56, na baadhi ya waliokimbilia nyuma walikuta milango imefungwa. Leo mwongozo wa usalama wa viwanja nchini Uingereza unataka watazamaji waweze kutoka kwenye majukwaa katika muda usiozidi dakika 8. Ukubwa wa ngazi, idadi ya milango na upana wa korido zilizo chini ya majukwaa vinatokana na hesabu hiyo, na ndiyo maana mgeni anayeona korido pana mno siku isiyo na mechi asidhani kwamba nafasi imepotezwa.

Siku ya pili, Alhamisi: Tottenham

Treni ya kutoka Liverpool Street ilitufikisha White Hart Lane, kituo kilichokarabatiwa na kuwekewa lifti wakati uwanja mpya ukijengwa. Uwanja wa Tottenham Hotspur ulifunguliwa Aprili 2019 na huchukua watazamaji 62,850. Hapa ziara hufanywa kwa kifaa cha kusikiliza kinachomwezesha mgeni kwenda kwa mwendo wake mwenyewe. Kaka alilifurahia jambo hilo, maana katika ziara za kikundi ni yeye anayesubiriwa kila mara kwenye lifti, na hapendi kusubiriwa.

Tulianza na jukwaa la kusini, ambalo lina viti 17,500 katika mteremko mmoja usiokatwa na ghorofa. Chini yake kuna siri ya uwanja huu. Nyasi za mpira wa miguu zimelazwa juu ya trei kubwa iliyogawanywa vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na uzito wa zaidi ya tani 3,000, na vipande hivyo huingizwa chini ya jukwaa katika muda wa takriban dakika 25. Unaobaki ni uwanja wa nyasi bandia ulio chini zaidi kidogo, unaotumika kwa mechi za mpira wa miguu wa Kimarekani na kwa matamasha. Trei ilikatwa vipande kwa sababu jukwaa zito kama lile lazima lishikwe na nguzo, na nyasi hupita kati ya nguzo hizo. Zikiwa gizani huko chini, zinamulikwa kwa taa maalumu na kunyweshewa maji ili zisife. Nilivutiwa na ufundi huo, lakini nilivutiwa zaidi na matokeo yake: uwanja unaoingiza fedha mwaka mzima una uwezo wa kuwaweka wahudumu wa kudumu, na mhudumu anayeijua kazi yake ndiye anayejua lifti iko wapi.

Kuhusu malipo, uwanja huu haukupokea fedha taslimu tangu ulipofunguliwa. Kila kitu hulipwa kwa kadi au simu. Nia ni kufupisha foleni, na ni nia hiyo hiyo iliyoleta bomba zinazojaza glasi kutoka chini badala ya juu, pamoja na kaunta ndefu ya mita 65 nyuma ya goli la kusini. Sina haraka ya kuusifu mpango wa kuondoa noti na sarafu, kwa kuwa wapo wazee na watoto ambao fedha yao ni ile iliyo mfukoni tu, lakini ni kweli kwamba sekunde zinazopotea kutafuta chenji hupotea kwa watu wote walio nyuma.

Vipo hapa vyoo vikubwa vyenye kitanda cha kumbadilishia mtu mzima na mashine ya kumnyanyulia, ambavyo Waingereza wamekuwa wakivipigania tangu 2006. Kaka hahitaji mashine hiyo. Hata hivyo alibaki mle ndani muda mrefu akipima, na alipotoka alisema, “Mdogo wangu, kuna mtu fulani mahali fulani ambaye bila chumba hiki asingeweza kutoka nyumbani kwake hata siku moja.” Kipo pia chumba tulivu kwa ajili ya mashabiki wenye usonji, chenye kioo cha kutazamia mechi na kuta zinazopunguza kelele. Chumba cha aina hiyo kilifunguliwa kwanza Sunderland mwaka 2015, na wazo limeenea upesi.

Siku ya tatu, Ijumaa

Mvua ilinyesha kutwa. Nilitumia asubuhi kuthibitisha tiketi za kesho. Klabu za Uingereza kwa kawaida humpa mtazamaji mwenye ulemavu nafasi ya msaidizi mmoja bila malipo, lakini ni lazima kuomba mapema na kuwasilisha uthibitisho wa ulemavu, na nafasi zenyewe ni chache kuliko waombaji. Nilianza kuomba miezi mitatu kabla.

Siku ya nne, Jumamosi: Emirates, siku ya mechi

Kituo kilicho karibu zaidi na nyumbani kwa Arsenal ndicho hicho kinachoitwa Arsenal. Kilifunguliwa 1906 kwa jina la Gillespie Road na kubadilishwa jina 1932, na kama vituo vingi vya enzi zile hakina lifti. Kwa hiyo tulishukia Finsbury Park, ambako lifti zipo, tukaenda polepole katikati ya mashabiki waliovaa nyekundu. Ni mwendo wa dakika 20 hivi kwa magurudumu, na sikuuchoka. Mgeni anayepanga safari akumbuke kwamba huduma za uwanja zinaanzia kwenye kituo cha treni, na kwamba jina la kituo si kigezo cha kuchagulia njia.

Emirates ulifunguliwa 2006 na una viti zaidi ya 60,000. Tuliingia kwa lango pana lenye mhudumu, kwa kuwa mageti ya kuzunguka hayapitiki kwa kiti cha magurudumu, na mhudumu huyo alizungumza na Kaka mwenyewe. Nalieleza jambo hili dogo kwa sababu mahali pengi watu humuuliza aliyesimama nyuma ya kiti: “Anataka kuketi wapi?” Huyu alimtazama Kaka usoni, akamweleza choo kilipo, lifti ilipo, na jinsi ya kumwita mtu iwapo lolote litatokea. Aliyeketi karibu nasi alikuwa haoni, na alikuwa amevaa visikilizio vya sauti vinavyomletea mtangazaji anayesimulia kila pasi kwa ajili ya wasioona. Mara mbili aliitikia goli lililokosekana kabla yangu.

Nafasi yetu ilikuwa imeinuliwa juu ya mistari iliyotangulia. Kanuni inayofuatwa ni kwamba aliye kwenye kiti cha magurudumu lazima auone uwanja hata walio mbele wakisimama, na klabu za Ligi Kuu ya Uingereza ziliahidi mwaka 2015 kuufikia mwongozo wa namna hiyo ifikapo Agosti 2017. Kipindi cha kwanza kikakaribia kwisha, mpira ukatoka kushoto, ukapigwa kichwa, na watu wote waliokuwa mbele yetu wakainuka kama mtu mmoja. Nikageuka kumtazama Kaka badala ya kutazama nyavu. Macho yake yalikuwa yakifuata mpira, na mikono yake ilikuwa juu.

Mapumziko yalipofika niliielewa korido kuliko nilivyoielewa katika ziara mbili zilizotangulia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1985 inakataza kunywa pombe mahali unapouona uwanja wakati wa mechi. Hivyo anayetaka bia hawezi kwenda nayo kwenye kiti chake, na maelfu hulazimika kusimama na kuinywa hapo hapo chini ya jukwaa, katika dakika zile zile 15 ambazo wengine wanakwenda chooni na kununua chakula. Msongamano ule unatokana na sheria kuliko ubaya wa ramani, na mchoraji wa uwanja wa Kiingereza analazimika kujenga korido pana kuliko mwenzake wa nchi nyingine. Nilipata maji mawili na kurudi dakika mbili baada ya mchezo kuanza.

Siku ya tano, Jumapili

Treni kutoka St Pancras hadi Brussels, kisha Köln, kisha Gelsenkirchen usiku. Kaka alilala njia nzima.

Siku ya sita, Jumatatu: Gelsenkirchen

Tramu namba 302 hutoka kituo kikuu cha reli hadi Veltins-Arena, nyumbani kwa Schalke 04. Uwanja huu ulifunguliwa mwaka 2001, na ulifanya mambo ambayo wengine waliyaiga baadaye: paa lake hufungwa na kufunguliwa, skrini kubwa ya pande nne inaning’inia katikati, na nyasi zote, trei ya tani 11,000 isiyokatwa, husogezwa nje ya jengo kupitia chini ya jukwaa la kusini. Tulizikuta zikiwa nje siku hiyo. Kuna hali ya pekee ukisimama ndani ya uwanja wa mpira usio na nyasi, kisha ukatoka na kuzikuta zimetandazwa juani kama mkeka uliofuliwa. Tofauti na Tottenham, ambako nyasi hufichwa gizani chini ya taa, hapa zinapata jua na mvua halisi, na kwa maoni yangu hili ndilo suluhisho bora pale ambapo eneo linatosha.

Njia ya wachezaji imechongwa kama njia ya mgodi wa makaa ya mawe, kwa heshima ya wachimba migodi waliokuwa mashabiki wa kwanza wa klabu hii. Pembeni, ndani ya uwanja huo huo, lipo kanisa dogo ambamo watoto hubatizwa na ndoa hufungwa. Tulikaa humo robo saa kimya. Sikujua kwamba uwanja unaweza kuwa na chumba kama hicho, na tangu nilipokiona najiuliza kwa nini viwanja vingi havina mahali pa sala pa imani yoyote, wakati watu hukaa humo saa nne au tano na wakati mwingine hupata humo habari za msiba.

Siku ya saba, Jumanne: Dortmund

Ilikuwa safari fupi ya treni. Uwanja wa Dortmund, uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1974 na kupanuliwa mara kadhaa, huchukua watu 81,365 na ni mkubwa kuliko wote Ujerumani. Jukwaa lake la kusini hubeba zaidi ya watu 24,000 waliosimama. Ndilo lililowapa watu wa Tottenham wazo la jukwaa lao, ila kule watu wana viti.

Nilipanda peke yangu hadi juu kabisa, kwa kuwa jukwaa hilo ni ngazi tupu, na Kaka alinisubiri chini. Kutoka huko nilifikiria tofauti ya nchi hizi mbili. Baada ya maafa ya msongamano wa mashabiki katika uwanja wa Hillsborough ya tarehe 15 Aprili 1989, yaliyoua watu 97, ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 iliifanya Uingereza iondoe sehemu za kusimama katika viwanja vya madaraja ya juu, na ni mwaka 2022 tu ndipo zilipoanza kuruhusiwa tena, zikiwa na vyuma vya kushikilia kwenye kila mstari. Wajerumani walizihifadhi, wakaziwekea vizuizi vya kuvunja msukumo wa watu na kuuza tiketi zake kwa bei ya chini. Hapa pia mtu hurudi kwenye nafasi yake akiwa na kinywaji, katika kikombe chenye dhamana anachokirudisha na kurejeshewa fedha yake. Tiketi ya mechi hutumika kama nauli ya usafiri wa umma wa eneo zima, jambo ambalo ningependa kuliona kila mahali, kwa maana linapunguza magari bila kumgombeza mtu.

Ujerumani pia ilitangulia katika kuwahudumia wasioona: Leverkusen, ambayo si mbali na hapa, ilianza kuwatangazia mechi mashabiki wasioona mwaka 1999. Nilipomweleza Kaka, alimkumbuka yule jirani yetu wa Jumamosi.

Siku ya nane, Jumatano: München

Tulishuka Fröttmaning kwenye njia ya U6 na kuufuata uwanda mrefu unaopanda taratibu kuelekea Allianz Arena. Mgeni hatambui kwamba anatembea juu ya paa la maegesho, maghorofa yenye nafasi za magari takriban 9,800 yaliyofunikwa kwa njia na majani. Magari yamefichwa chini na watembea kwa miguu wamepewa anga. Mteremko ni mpole kiasi kwamba Kaka alijisukuma mwenyewe mpaka mwisho na kunikataza kumsaidia.

Ngozi ya uwanja imetengenezwa kwa mito zaidi ya 2,700 ya karatasi ya plastiki ngumu iliyojazwa hewa, na usiku huwaka kwa rangi, mara nyingi nyekundu. Tangu 2012 ipo ndani yake makumbusho ya Bayern. Niliyapitia kwa haraka, kwa sababu nilitaka kufika majukwaani. Yamepangwa katika ghorofa tatu, ya chini ikiwa na mwinuko wa nyuzi 24, ya kati 30 na ya juu 34. Kadiri unavyokwenda juu na mbali, ndivyo ngazi zinavyosimama zaidi, ili kichwa cha aliye mbele kisizibe mstari wa macho wa aliye nyuma. Hesabu hiyo ndiyo Kaka amekuwa akiipima kwa siku nane kwa kutumia mwili wangu.

Nilikwenda kusimama mbele yake kama kawaida, nikainua mikono. Akaniita. “Leo keti wewe,” akasema, na kabla sijajibu alikwisha kujivuta kwenye kiti cha plastiki cha msaidizi kilicho kando. Nikaketi kwenye kiti chake cha magurudumu, ambacho nimekisukuma miaka mingi bila kukikalia hata mara moja. Akamwomba kijana mmoja wa kundi letu, kwa ishara zaidi kuliko maneno, asimame pale ninaposimama mimi. Kijana alikuwa mrefu, na aliinua mikono yake kwa moyo wote.

Niliona chini ya viwiko vyake na juu ya bega lake. Goli la mbali lilikuwa wazi, mistari yote miwili ya pembeni ilikuwa wazi, na kona ya kushoto, ile aliyokuwa akiichezea Kaka, ilionekana mpaka ncha yake. Kaka aliufungua utepe wake, akauteremsha kutoka kwenye jicho langu hadi sakafuni, akasoma sentimita 118, akaandika chini ya 121 yake.